Motokaa Zilizotupwa na Mafundi Waliozifufua

  Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa ataandika ubaoni maneno matatu: karakana, kutu, ujira. Yatazameni vizuri. Karakana ni mahali fundi anapofanyia kazi. Wengi wetu husema gereji. Kutu mnaijua, maana imekula majembe yenu. Ujira ni malipo ya kazi. Katika historia ya leo neno hili la tatu hupotea mara kwa mara, nami nataka mlitafute, ninyi mnaosikiliza na ninyi mtakaoisoma karatasi hii baadaye.

Historia yenyewe ni ya Uingereza. Watu wa huko hupenda sana kutazama katika televisheni jinsi gari bovu, lililosahauliwa bandani miaka mingi, linavyotolewa nje, likatengenezwa, hata likang'aa kama siku lilipotoka kiwandani. Huenda baadhi yenu mmekwisha kuviona vipindi hivyo.

Yapasa kwanza tuulize: magari hayo yalitupwa kwa nini? Kwetu gari la miaka thelathini bado hubeba mihogo na abiria. Mwingereza aliliachaje lake likaoza?

Sababu ya kwanza ni chumvi. Wakati wa baridi kali, maji yaliyo barabarani huganda yakawa barafu, na magari huteleza. Kwa hiyo barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji hayo ya chumvi hurushwa na magurudumu mpaka chini ya gari, yakakaa katika pembe na mifereji ya bodi. Ninyi watu wa pwani mnajua upepo wa bahari unavyokula mabati. Basi fikirini gari linalooshwa kwa maji ya chumvi kutoka chini, majira ya baridi ya kila mwaka. Bati la bodi ni jembamba, kiasi cha milimita moja hivi. Kutu huanzia ndani, mahali pasipoonekana. Siku rangi inapoanza kuvimba, ndani kumekwisha kuwa unga.

Sababu ya pili ni sheria. Mwaka 1960 Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza, Bwana Ernest Marples, alianzisha ukaguzi wa lazima. Kila gari lenye umri wa miaka kumi au zaidi lilipaswa kukaguliwa breki, taa na usukani. Mwaka 1961 umri huo ulishushwa ukawa miaka saba, na mwaka 1967 ukawa miaka mitatu. Kisha mwaka 1977 wakaguzi walianza kuangalia hali ya bodi na chasisi pia. Hapo ndipo kutu ilipoyaua magari mengi. Mwenye gari aliambiwa: chuma chako kimeoza, huruhusiwi kuliendesha mpaka kitengenezwe. Alipomwendea fundi, akakuta gharama ya kuchomelea imeizidi bei ya gari lenyewe. Basi akalisukuma bandani, akajiambia, "Nitalitengeneza mwakani." Hivyo ndivyo miaka ishirini inavyopita.

Hata hivyo walikuwako watu walioyaheshimu magari ya kale tangu zamani. Tarehe 14 Novemba 1896 wenye motokaa walifanya safari kutoka London mpaka Brighton, kuifurahia sheria mpya iliyowaruhusu kwenda mwendo wa maili 14 kwa saa bila mtu wa kuwatangulia kwa miguu. Tangu mwaka 1927 safari ile ilianza kufanywa tena kwa ukumbusho, watu wakiendesha magari ya enzi hizo hizo. Kisha mwaka 1953 ikatokea sinema ya kuchekesha iliyoitwa Genevieve. Yasimulia wanaume wawili wanaoshindana kwa magari ya kale katika safari hiyo ya Brighton. Genevieve ni jina la gari, nalo ni Darracq, lililoundwa Ufaransa mwaka 1904. Gari hilo halikuwa la kuigiza. Lilikuwa limeokotwa miongoni mwa magari mabovu, likaundwa upya, na siku hizi limewekwa katika makumbusho huko The Hague, Uholanzi. Sinema ile ilipendwa mno, nao watu wakaanza kuchungulia mabanda ya babu zao.

Sasa tuje kwenye televisheni. Mwaka 2003 kilianza kipindi kiitwacho Wheeler Dealers. Walikuwamo watu wawili. Mmoja, Mike Brewer, alikuwa mfanyabiashara wa magari. Yeye hutafuta gari la zamani, hupatana bei, na mwisho huliuza. Wa pili alikuwa fundi, Edd China, mtu mrefu sana na mwenye ubunifu wa ajabu. Kabla ya kipindi hicho alikuwa amekwisha kutengeneza kochi lenye injini na magurudumu, analiketia sebuleni na barabarani pia! Katika kipindi, mwenzake akisha kuleta gari, yeye huvaa glavu zake za rangi ya machungwa akaingia chini yake.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa kuwa asiyeijua hawezi kuipima. Fundi hugonga bodi polepole na kusikiliza. Chuma kizima hulia; kilichooza hakilii. Akipata palipooza hukata, tena hukata zaidi ya anavyotaka, mpaka afike penye chuma kizima, maana huwezi kuchomelea juu ya unga. Kisha hukata kipande cha karatasi ngumu kwa kipimo cha lile tundu, akakilaza juu ya bati jipya, akalikata bati, akalikunja na kulijaribu, akalikunja tena. Huchomelea nukta kwa nukta, akipumzika katikati, kwani bati jembamba likipata moto mwingi hujipinda. Halafu husugua, hupaka rangi ya kuzuia kutu, akaenda upande wa pili kuanza upya. Yupo fundi mwingine mvivu ambaye huziba tundu kwa puti, akapaka rangi juu, na gari likapendeza kwa miezi sita. Nyote mmekwisha kumwona huyo.

Katika televisheni kazi hiyo ya siku nyingi huonyeshwa kwa dakika chache. Unakwenda kuchota maji, unarudi, tundu limekwisha zibwa. Sisemi kwamba ni udanganyifu. Hapana mtu awezaye kuketi kutazama usuguaji wa siku tatu. Lakini angalieni hesabu. Mwisho wa kipindi husomwa bei ya kununua gari, bei ya vipuri, na bei ya kuuza. Kinachobaki huitwa faida. Lile neno letu la tatu liko wapi?

Mwalimu asimamishe usomaji hapa, afanye hesabu hii ubaoni. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa. Gari limenunuliwa pauni 2,000. Vipuri pauni 1,000. Limeuzwa pauni 3,600. Faida ni pauni 600. Fundi alifanya kazi saa 120. Tukimpa faida yote, amepata pauni 5 kwa saa. Mwaka 2017 sheria ya Uingereza ilitaka mtu wa miaka 25 na zaidi alipwe si chini ya pauni 7 na nusu kwa saa. Kwa kipimo hicho ujira wake ni pauni 900, na ile "faida" imegeuka kuwa hasara ya pauni 300. Bila shaka fundi wa televisheni hulipwa na televisheni. Bali mtazamaji aliyenunua gari bovu kwa kuiamini hesabu ya kipindi, yeye atalipwa na nani?

Vipindi vingine viliificha kazi kwa namna nyingine. Huko Marekani mwaka 2004 kilianza kipindi cha Overhaulin', chini ya msanifu Chip Foose. Gari la mtu lilichukuliwa kwa hila, naye akidhani limeibwa, kumbe mafundi wengi walikuwa wakilitengeneza mchana na usiku, likawa tayari kwa wiki moja hivi. Mimi napenda zaidi kipindi cha Kiingereza cha Car SOS, kilichoanza mwaka 2013. Tim Shaw na fundi Fuzz Townshend, ambaye zamani alikuwa mpiga ngoma katika bendi, hulichukua kwa siri gari la mtu aliyepatwa na ugonjwa au msiba, wakamrudishia likiwa zima. Mwenyewe halipi kitu. Hapo angalau yaonekana wazi kwamba kazi ni zawadi, nayo zawadi ina thamani yake.

Turudi kwa Edd China. Alikaa katika Wheeler Dealers tangu mwaka 2003. Mwezi wa Machi 2017 alitangaza hadharani kwamba anaondoka. Alieleza kuwa watengenezaji wapya wa kipindi waliziona sehemu za karakana kuwa ngumu mno kuzitengeneza, wakataka zipunguzwe, naye hakukubali. Watazamaji wengi walisikitika, nami nawaelewa. Wapo waliokitazama kipindi hicho kama darasa, wakiangalia mikono yake, kisha wakatoka kwenda kujaribu wenyewe. Hata somo la redio, ukiliondolea dakika zake ngumu, zitabaki salamu na muziki. Kipindi hakikufa. Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead mpaka mwaka 2020, mtu ambaye naye ni mjenzi wa magari, na baadaye Marc Priestley, aliyekuwa fundi katika mashindano ya magari ya mbio. Edd China alianzisha vipindi vyake katika intaneti, ambako aliweza kukaa na boliti moja iliyoshika kutu kwa muda anaoutaka.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kundi lenu limwendee fundi mmoja wa gereji iliyo karibu, kwa adabu, wakati asipokuwa na haraka. Mwulizeni gari la mwisho alilolitengeneza lilimchukua saa ngapi, vipuri viligharimu nini, naye alipata nini. Andikeni majibu katika madaftari yenu kwa safu tatu, mje nayo katika somo lijalo. Kwaherini.