Kutoka Kibuye hadi Karusi: Elimu ya Kuwatambua Wafu

Muyama iko kwenye milima ya Buha, upande wa Kigoma unaopakana na Burundi. Mwaka 1972, na tena 1993, Warundi wengi walikimbilia mkoa huu kuepuka mauaji. Wengi wa waliouawa walibaki huko huko Burundi, wakafukiwa mashimoni bila majina.

Elimu ya kuwatambua watu wa namna hiyo, anthropolojia ya uchunguzi wa jinai, ilifika Maziwa Makuu kupitia Rwanda. Januari 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilihitaji ushahidi wa mauaji ya kimbari ya 1994 kutoka Kibuye, kando ya Ziwa Kivu. Katika timu ya Dkt. William Haglund iliyokwenda kufukua huko alikuwamo Clea Koff, mwanafunzi wa uzamili wa miaka 23, mama yake Mtanzania na baba yake Mmarekani. Aliyemvutia kwenye fani hii ni Clyde Snow, aliyewafundisha vijana wa Argentina kufukua watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi.

Nyonga ya mtu mzima huonyesha kama marehemu ni mwanamke au mwanamume. Ncha za mifupa ambazo hazijaungana huonyesha kuwa alikuwa bado anakua, na mfupa wa paja husaidia kukadiria kimo. Ufa usio na dalili ya kupona huweza kuwa wa pigo alilopata akifa. Kwa ujuzi huo timu ya Haglund ilichunguza miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa kando ya kanisa la Kibuye, mingi ya wanawake na watoto. Haglund alitoa ushahidi, na Mei 1999 Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, alifungwa maisha.

Burundi ilichelewa. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Ni kazi kubwa, lakini wasio na miwani wala rozari ni wengi zaidi, na fuvu likishatenganishwa na nyonga yake bila kuandikwa, kuvikutanisha tena ni kazi ngumu mno.

Ndugu zao wengi wako huku Tanzania. Wakimbizi wa 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000, pamoja na watoto waliozaliwa hapa, walipata uraia wa Tanzania. Kiha na Kirundi husikilizana. Kijana wa Muyama akiisomea fani hii ataweza kuketi na bibi wa Kirundi na kumuuliza bila mkalimani: kaka yako aliwahi kuvunjika mkono? Alikuwa na pengo? Siku ile alivaa nini?