Kutoka Doyers hadi Flushing: Historia ya Majiko ya Wachina New York

Doyers Street, katika mtaa wa Chinatown, Manhattan, ni kichochoro kifupi kilichopinda kama kiwiko. Kwenye mpindo huo uko mkahawa wa Nom Wah Tea Parlor, uliofunguliwa mwaka 1920 kama duka la chai na mikate, ukasifika kwa biskuti za lozi na keki za sikukuu ya mbalamwezi. Mteja hupewa karatasi na penseli, akatia alama kwenye anavyovitaka: mikate myeupe ya mvuke, vifurushi vyembamba vya unga vilivyojazwa kamba, tambi pana za mchele. Asiache kuagiza rolo la mayai. Kwingi mtu huletewa ganda la unga. Hapa ni yai lenyewe, limekaangwa jembamba, likaviringishiwa kuku na mboga, kisha likatoswa tena kwenye mafuta.

Tarehe hiyo ya 1920 haikujiangukia tu. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Wafanyabiashara waliachiwa mlango, ila mwenye mkahawa hakuhesabiwa miongoni mwao. Mwaka 1915 mahakama ikabadili mambo: naye sasa aliweza kupata hati ya mfanyabiashara, akaenda kwao na kurudi, na akawaleta jamaa zake. Masharti yalikuwa ya kukera. Mkahawa uwe wa hadhi. Mwenye hisa auongoze walau mwaka mzima bila kupika, kuhudumu mezani wala kuosha sahani. Juu ya hayo, Wazungu wawili wamtolee ushahidi.

Wachina wakajipanga. Ndugu na majirani wa kijiji kimoja walichanga fedha, wakafungua mkahawa mmoja mkubwa, kisha wakapokezana umeneja: huyu mwaka huu, yule mwakani, kila mmoja apate hati yake. Mwanahistoria Heather Lee, aliyezichambua nyaraka za uhamiaji, ameonyesha kwamba mikahawa ya Wachina mjini New York iliongezeka mara nne kati ya 1910 na 1920. Anayestaajabu kwa nini chakula cha Kichina kimeenea Marekani nzima aanze kutazama hapo, kwenye jalada la ofisi ya uhamiaji.

Chakula kilicholipa kodi za pango ni chop suey, vipande vya nyama na mboga katika mchuzi mzito, vilivyopikwa kwa kufuata ulimi wa Mmarekani. Bado kinapatikana Wo Hop, 17 Mott Street, chini ya ngazi za mwinuko, mahali palipoanza kazi mwaka 1938. Kuta zake zimejaa noti za dola na picha za wateja. Wapo wanaokidharau chakula hiki wakisema si cha Kichina halisi. Wanakosea: ndicho kilichowasomesha watoto wa mtaa huu.

Sheria ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, lakini kwa mgawo wa watu 105 tu kwa mwaka. Mlango ulifunguka kweli kwa sheria mpya ya mwaka 1965, na Hong Kong ikaingia na kumbi zake kubwa. Jing Fong, ulioanza 1978, ulikuwa na ukumbi wa watu wapatao 800 pale Elizabeth Street. Mtu alipanda kwa ngazi za umeme, toroli za vyakula vya mvuke zikapita mezani moja baada ya nyingine. Ukumbi ulifungwa Machi 2021 kwa pigo la korona, wafanyakazi na chama chao wakaandamana. Mwaka huohuo ukafunguka mdogo zaidi, Centre Street.

Ukivuka Bowery kuelekea East Broadway, lugha inabadilika. Hapa ni watu wa Fuzhou, mkoa wa Fujian, walioanza kumiminika miaka ya 1980, wengi kwa deni la maelfu ya dola kwa wasafirishaji wa magendo. Njia yao mojawapo ilipita Mombasa. Mwaka 1992 meli ya Najd II iliwafikisha Kenya watu wa Fujian, ikashindwa kuendelea. Wakakaa miezi wakisubiri, hadi meli nyingine, Golden Venture, ilipowachukua mwaka 1993, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Usiku wa Juni 6 ilipanda mchanga ufukweni Rockaway, New York, ikiwa na abiria 286. Kumi walikufa wakijaribu kufika nchi kavu. Wengine wakawekwa gerezani York, Pennsylvania, ambako walikunja karatasi kutengeneza tai na meli. Zaidi ya 50 hawakutoka hadi 1997.

Waliofika waliingia jikoni. Chini ya daraja la Manhattan zilijipanga ofisi ndogo za mawakala wa ajira. Vibandiko vyao havikutaja mji: viliandika tarakimu tatu za mwanzo za simu za eneo, mshahara, na saa za safari ya basi. Mpishi akachagua, akapanda basi jirani, kesho yake yuko Ohio anakaanga wali.

Chakula chao cha nyumbani kiko Grand Street, kwenye mkahawa mdogo wa Shu Jiao Fu Zhou: tambi za mchuzi wa karanga, na supu ya vidonge vya samaki. Muislamu aulize kwanza, maana ndani ya kidonge hicho cha samaki hufichwa nyama ya nguruwe.

Kodi za Manhattan zilipopanda, uzito ulihamia Queens. Treni namba 7 huishia Flushing, mtaa ambao watu wa Taiwan walianza kuujaza miaka ya 1970, wakafuatwa na watu wa kaskazini mwa China. Katikati ya miaka ya 2000, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya Golden Shopping Mall, David Shi alianzisha kibanda cha Xi'an Famous Foods, ambacho leo kina matawi mjini kote, Chinatown ikiwemo. Agiza tambi pana zilizovutwa kwa mkono, na kondoo aliyekolezwa bizari ya pilau na pilipili. Uzile zikiwa moto, palepale; zikipoa hugandana.