Nyoka Mweupe wa Ziwa Magharibi

Katika michezo ya jukwaani ya Sichuan, kusini-magharibi mwa China, nyoka wawili hukutana wakiwa maadui. Mmoja ni jike, mweupe, mwenye uwezo wa kujigeuza binadamu. Wa pili ni dume wa kijani, mjuzi wa mambo hayohayo, naye anamtaka awe mkewe. Wanawekeana sharti: dume akishinda, jike ataolewa, akishindwa, atajigeuza mwanamke na kuwa mtumishi wake. Dume anashindwa, anatimiza ahadi, na tangu siku hiyo haondoki ubavuni mwa bibi yake. Waigizaji hugawana nafasi ya mtumishi huyo, aitwaye Qing'er, kwa namna ya kupendeza mno. Nyumbani, penye chai na mazungumzo, mwigizaji huwa mwanamke. Vita vikizuka, anaingia mwanamume, na watazamaji wanamwona tena yule dume wa zamani aliyekuja kupigana akabaki kupenda.

Uadui uliogeuka mapenzi haupo kati ya nyoka hao peke yao. Hadithi nzima ya Nyoka Mweupe imepitia njia hiyo, na safari yake ilichukua karibu miaka elfu moja.

Mwanzoni nyoka alikuwa mauti. Simulizi moja ya zama za Tang, iliyohifadhiwa katika mkusanyiko mkubwa wa hadithi uliokamilika mwaka 978, inamtaja kijana Li Huang aliyekutana na mrembo aliyevaa nguo nyeupe katika soko la mashariki la Chang'an. Akamnunulia vitambaa, akamfuata nyumbani, akakaa naye siku tatu. Aliporudi kwake mtumishi alisikia harufu kali ya shombo mwilini mwake. Li Huang akalalamika kichwa kizito, akalala. Mwili ukaanza kuyeyuka chini ya blanketi, na walipolifunua walikuta maji na kichwa tu. Majirani wa bustani ile alikokuwa amekaa wakasema kwamba chini ya mti wake huonekana nyoka mkubwa mweupe. Hapo hakuna chembe ya huruma. Simulizi nyingine ya baadaye, ya Ziwa Magharibi mjini Hangzhou, inamfanya nyoka huyo mla mioyo na maini ya wanaume.

Kisha mwaka 1624 Feng Menglong alichapisha toleo lililobadili mambo. Mvua inanyesha ziwani. Xu Xuan, kijana anayefanya kazi katika duka la dawa, yumo mashuani. Mwanamke mwenye nguo nyeupe anaomba kupanda pamoja na mtumishi wake, na baadaye Xu Xuan anamwazima mwavuli. Ndoa inaanzia hapo, kwenye mwavuli. Lakini bado ni hadithi ya onyo. Mtawa wa Kibuddha, Fahai, anampa mume bakuli la kuombea sadaka, na mume mwenyewe ndiye anayemfunika mkewe kichwani kwa bakuli hilo, ndiye tena anayechangisha fedha za kujenga mnara wa Leifeng juu yake. Mtumishi, ambaye katika toleo hili ni samaki wa kijani, anakamatwa pia. Jambo moja dogo ndilo lililoufungua mlango: mtawa anapomhoji, mwanamke yule anamwombea huruma mwenzake, akisema hakuwahi kuonja furaha hata siku moja. Zimwi halisemi maneno kama hayo.

Waigizaji waliingia kwa mlango huo. Huang Tubi aliandika mchezo wa Mnara wa Leifeng mwaka 1738. Vikundi vya jukwaani vikaukarabati bila kumwuliza, vikampa nyoka mtoto wa kiume, jambo ambalo mwandishi hakulipenda hata kidogo. Watazamaji walilipenda. Fang Chengpei alipoutengeneza upya mwaka 1771, mke alikuwa amekwisha kuwa shujaa: ananyweshwa pombe iliyotiwa dawa ya kufukuza nyoka, umbo lake la asili linajitokeza, mume anaanguka kwa hofu na kufa, naye akiwa mjamzito anakwenda kuiba mmea wa uhai ili amfufue. Halafu pale Daraja Lililokatika, ambako mume, aliyekwisha kumsaliti mkewe kwa kumfuata Fahai, anakutana nao tena, Qing'er anachomoa upanga amuue. Mke anasimama katikati. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna mahali pengine hadithi hii inapogusa moyo zaidi, kwa sababu hasira ya Qing'er ni ya haki na msamaha wa mke ni wa kweli pia. Matoleo mengine huongeza deni la maisha yaliyopita: zamani sana mtu yule alimwokoa nyoka, na kukutana kwao kulikuwa kumeandikwa.

Mnara wenyewe haukuwa wa kubuni. Ulijengwa mwaka 975 na Qian Chu, mfalme wa Wuyue. Karne ya 16 moto uliteketeza sehemu zake za mbao na kuacha gofu la matofali; watu wakawa wanayang'oa moja moja kwa kuamini yana baraka. Tarehe 25 Septemba 1924 ukaanguka. Mnara mpya ulifunguliwa mwaka 2002, na mabaki ya ule wa zamani yapo chini yake, wageni wakiyatazama.

Mwandishi Lu Xun, mzaliwa wa Shaoxing jirani na Hangzhou, aliandika insha mwaka huohuo wa 1924 kulishangilia anguko hilo. Bibi yake alimsimulia habari za nyoka tangu utotoni, na matamanio yake yalikuwa mnara ule uporomoke. Alikumbuka pia hadithi ya watu wa kwao: Fahai, akikimbia ghadhabu ya mbinguni kwa kujiingiza katika yasiyomhusu na kuwadhuru viumbe, alijificha ndani ya kaa. Msimu wa mpunga kuiva, kaa huchemshwa mpaka awe mwekundu. Ukishakula mayai na mafuta yake, hubaki kijingozi chembamba kama pia. Ukikikata taratibu kwa kisu na kukipindua bila kukichana, unapata kimtu kidogo kilichoketi, chenye kichwa na uso. Watoto wa huko walikiita mtawa wa kaa.