Malaika (wimbo)

Malaika ni wimbo wa mapenzi wa lugha ya Kiswahili, wa mwendo wa taratibu, uliorekodiwa nchini Kenya karibu na mwaka 1960 na mwanamuziki Fadhili William pamoja na bendi yake ya Jambo Boys. Ni kati ya nyimbo za Kiswahili zinazojulikana zaidi duniani. Suala la nani hasa aliutunga lina ubishi hadi leo.

Maudhui

Anayeimba ni kijana anayempenda msichana na kumwita malaika. Angetaka kumwoa, lakini hana mali. Neno "mali" ndilo linalobeba wimbo wote, na kila mahali hueleweka kivyake: mjini ni fedha, kwingine ni mifugo. Huko Kyela na Rungwe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahari ya Wanyakyusa ilihesabiwa kwa ng'ombe. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930, walieleza jinsi vijana walivyochelewa kuoa kwa sababu ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba zao. Kwa msikilizaji wa huko, shida ya kijana wa Malaika haihitaji ufafanuzi.

Mtunzi

Fadhili William Mdawida (1938–2001), mzaliwa wa Taita nchini Kenya, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtunzi. Hata hivyo, watu wengi waliochunguza historia ya wimbo humtaja Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916. Kwa mujibu wa maelezo hayo, Salim aliutunga mwaka 1945 alipokuwa akiishi Nairobi, kwa ajili ya mpenzi wake ambaye wazazi walimwoza kwa tajiri. Wengine waliotajwa ni Grant Charo na Lucas Tututu wa Mombasa.

Ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa: kutunga na kurekodi. Kwamba Fadhili aliurekodi mapema hakuthibitishi kwamba aliutunga. Nyimbo nyingi za wakati ule zilipita kutoka kinywa hadi kinywa kwenye kumbi na vilabu kabla ya kufika studio, na aliyefika studio ndiye aliyeandikwa kwenye lebo ya sahani.

Kurekodiwa

Katika miaka ya 1960 Fadhili aliurekodi tena kwa ajili ya Equator Sound ya Nairobi, kampuni iliyoongozwa na Charles Worrod. Studio hiyo ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, ambamo walipitia pia Daudi Kabaka pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Toleo hili ndilo lililovuma Afrika Mashariki, likiuzwa kama utunzi wa Fadhili. Hapo ubishi ukapata uzito, maana kila wimbo uliporekodiwa ng'ambo palikuwa na mrabaha wa kulipwa, nao ulifuata jina lililoandikishwa. Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi kabla ya kurudi Kenya, alikofariki.

Aliyeufikisha mbali zaidi ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 bendi ya Hep Stars ya Uswidi, aliyokuwamo Benny Andersson wa ABBA ya baadaye, ilifika nafasi ya kwanza nchini mwao kwa wimbo huu. Kikundi cha Boney M. kutoka Ujerumani kiliutoa mwaka 1981 kwa mdundo wa disko, na upole wote wa wimbo ukapotea. Nchini India umejulikana kupitia Usha Uthup. Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi katika albamu yake Logozo ya mwaka 1991.

Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Maneno ya Malaika yametungwa kwa kinywa cha mwanamume, na Makeba na Kidjo waliyaimba bila kuyageuza. Wasikilizaji wa Ulaya hawakuwa na njia ya kulitambua hilo. Mswahili hulisikia mara moja, na bado huuimba pamoja nao.