Cleveland Browns na balaa la kwotabeki

Wadau, NFL ya Marekani haina kushuka daraja. Timu iliyoburuza mkia ndiyo inapewa nafasi ya kwanza kwenye drafti, yaani ugawaji wa wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi saba kila mwaka. Nafasi hiyo inaweza kuuzwa kwa timu nyingine, na hapo ndipo mashabiki wanapotoana macho: uchukue kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, au ujenge kwanza ukuta wa kumlinda?

Browns wamejaribu yote. Mwaka 1999 walianza na Tim Couch, namba 1. Ukuta ulikuwa nyanya, jamaa akaangushwa mara 56 msimu wake wa kwanza! Mwaka 2016 wakauza namba 2 kwa Philadelphia, ikamchukua Carson Wentz. Mwaka 2017 wakauza namba 12 kwa Houston, ikamchukua Deshaun Watson. Msimu huo Browns walicheza mechi 16 wakafungwa zote 16.

Baker Mayfield, namba 1 wa 2018, ndiye aliyewavusha: Januari 2021 waliwapiga Pittsburgh 48-37 kwenye mtoano. Shukrani yake? Mwaka 2022 wakamfuata Watson yuleyule waliyemwacha, kwa nafasi tatu za raundi ya kwanza na mkataba wa dola milioni 230. Mayfield wakamwuza Carolina.

Wapo wanaosema kwotabeki huokotwa popote, mbona Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000? Sawa, ila Brady ni mmoja. Mimi nipo upande wa ukuta.