WALIMU NA SHULE ZA ARUA NA KOBOKO, TANGU 1914 HATA LEO



Habari za elimu katika nchi ya Arua na Koboko aghalabu husimuliwa kwa kuhesabu majengo: shule ipi ilijengwa na nani, na bati lake lilitoka wapi. Hesabu hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Ukiitazama historia yenyewe, jambo lililoamua kama mtoto wa Kiislamu atasoma au hatasoma lilikuwa ni mwalimu: kupatikana kwake, riziki yake, na kudumu kwake kazini.

Katika nchi hii Uislamu ulitangulia shule. Ulifika kwa njia ya Sudan katika karne ya 19, pamoja na wafanya biashara na askari wa Jimbo la Ikweta, ambalo liwali wake wa mwisho, Emin Pasha, alikuwa na makao Wadelai, ukingoni mwa Nile. Emin aliondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley, lakini wengi wa askari wake walibaki nyuma na jamaa zao, na katika hao ndimo zilimotoka koo nyingi za Wanubi. Baadaye nchi ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, katika eneo lililoitwa Lado. Leopold alipokufa mwaka 1909 eneo hilo lilirudi Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. Mwaka huo huo likawekwa boma la Arua. Kwa Waislamu wa siku hizo, mwalimu alikuwa ni yule wa Kurani, mwenye ubao wake na kivuli cha mti wake, asiyedai mshahara kwa mtu.

Shule za kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu zililetwa na wamisheni. Waprotestanti wa African Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 wakakaa Mvara, na katika miaka hiyo hiyo mapadri wa Verona walikuwa wakiweka misheni zao upande huu wa Nile. Serikali ilipoanzisha Idara ya Elimu mwaka 1925, haikutaka kujenga shule zake kila mahali. Iliona wepesi kuzisaidia za misheni kwa fedha. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza aliyelipwa kijijini aghalabu alikuwa pia mwalimu wa dini ya Kikristo, na mzazi wa Kiislamu aliogopa kwamba mtoto atakayempeleka akiitwa Juma atarudi na jina lingine. Wengi wakawazuia watoto wao nyumbani.

Hofu ile ilikuwa na sababu, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Walimu hutoka katika wanafunzi. Kabila au dini isiyokuwa na wanafunzi leo haitakuwa na walimu baada ya miaka 15, na isiyokuwa na walimu haina wa kuwavuta wanafunzi wapya. Duara hiyo iliwafunga Waislamu kwa muda mrefu, na kazi za ukarani, za hospitali na za ualimu zikawapita.

Katika sira ya Mtume mna mfano ulio wazi katika jambo hili. Baada ya vita vya Badr, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa waliachiliwa kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina. Lakini waliofundishwa walikaa katika mji wao na chini ya mikono ya wazazi wao. Elimu ilichukuliwa kwa mgeni, na malezi yakabaki kwa wenyewe.

Njia kama hiyo ilianza kuonekana Uganda katika miaka ya 1940, Waislamu walipounda chama chao cha elimu, naye Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu akaisimamia kazi ya Kibuli, ambako walimu wa Kiislamu walifundishwa. Lakini Kibuli iko Kampala, na kutoka Koboko ni safari ya zaidi ya kilomita 500, katika siku ambazo Pakwach haikuwa na daraja. Waliofika walikuwa wachache. Mlango ulifunguka zaidi baada ya uhuru wa 1962. Kuanzia mwaka 1963 Serikali ilizitwaa mikononi mwake shule zilizokuwa zikipata msaada wake, na dini ya mtoto ikaacha kuwa kizuizi mlangoni.

Wengi walidhani neema imetimia Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, alipotawala toka 1971 hata 1979. Baraza Kuu la Waislamu lilianzishwa mwaka 1972, na vijana wengi wa Magharibi ya Nile wakaitwa jeshini. Lakini thamani ya shilingi ilianguka, na mshahara wa mwalimu ukaanguka nayo, na wengi wakaihama nchi. Vita vya 1980 vilipoingia, watu wa Koboko walikimbilia upande wa Yei katika Sudan, na wa Arua wakavuka kwenda Zaire. Shule zilibaki magofu. Hata hivyo, huko ugenini wakimbizi waliwakusanya watoto chini ya miti wakawafundisha. Majengo yalikuwa yamebaki nyuma, lakini mwalimu alikuwapo, na shule ikaendelea.

Leo mambo yamegeuka. Tangu 2013, na zaidi tangu 2016, watu wa Sudan Kusini wamekimbilia huku, na kambi ya Lobule, katika Koboko, imewapokea Wakongo. Shule zilizokwisha kujaa tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997 zimejaa zaidi, hata darasa moja laweza kuwa na watoto zaidi ya 100. Madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya nyumbani, yasema mitaala. Lakini katika darasa moja la Koboko wamo wasemao Kikakwa, Kinubi, Kilugbara, Kilingala na Kiswahili. Ni mwalimu mmoja, naye atakiwa awafahamishe wote.

Mizigo mingine imeongezeka. Shule zilifungwa toka Machi 2020 hata Januari 2022 kwa sababu ya korona, na walimu wa shule za watu binafsi wakakosa riziki. Baadhi yao walishika jembe au pikipiki na hawakurudi. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishiwa mshahara hata shilingi milioni 4, na wenzake wa masomo mengine wakagoma kwa uchungu wa kuachwa nyuma. Nayo sera ya walimu ya mwaka 2019 yataka kila mwalimu awe na shahada. Nia yake ni njema. Lakini kwa binti wa maskini aliyetegemea cheti cha miaka miwili, njia imekuwa ndefu na karo imekuwa nyingi. Asipopata wa kumshika mkono, ile duara ya zamani itarudi.

Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 sasa kina tawi lake Arua, basi umbali wa Kibuli si udhuru tena. Yaliyobaki ni ya jamaa wenyewe. Kila msikiti waweza kumchagua binti mmoja ukamlipia masomo ya ualimu mpaka mwisho. Kila shule iliyoasisiwa na Waislamu yapasa iwe na nyumba ya mwalimu karibu nayo, asije akachoka kwa mwendo kabla ya kuingia darasani. Na mwalimu wa madrasa, ambaye hamo katika daftari la mshahara la Serikali, apewe haki yake kila mwezi kwa kiasi kinachojulikana, wala asingoje sadaka ya Ijumaa. Bati la shule hununuliwa mara moja likadumu miaka mingi, bali mwalimu hutunzwa kila mwezi, na kazi hiyo haina likizo.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu waliotangulia, na awatie nguvu waliopo. Amin.