Maktaba katika orodha moja na kamari

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010 hadi Jedwali la Nne, sehemu ya pili, palipoorodheshwa kazi za serikali za kaunti. Kipengele cha nne kinaanza na kamari na kasino. Zinafuata mbio za mashindano, leseni za pombe, majumba ya sinema, kisha maonyesho ya video na ukodishaji wake. Ndipo, katika nafasi ya sita, inatajwa maktaba. Nyuma yake yako makavazi na viwanja vya michezo. Walioandika orodha hiyo hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wakikusanya mahali pamoja mambo ya burudani na huduma za umma. Lakini tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, leseni ya baa imekuwa na watetezi kila wadi, maktaba ikakosa hata mmoja. Leseni huingiza pesa, maktaba huzila.

Haya yanafaa kusemwa sasa kwa sababu Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa, iliyopitishwa na Bunge mwaka 1965, ilitimiza miaka 60 mwaka 2025. Katika miaka yote hiyo, na hata kabla yake, ugomvi wa maktaba za umma nchini haujawahi kuwa juu ya vitabu vyenyewe. Umekuwa juu ya nani anaruhusiwa kuingia, na nani analipa gharama ya kumfikishia kitabu msomaji aliye mbali na Nairobi. Huku Bonde la Ufa tunalijua vizuri hilo swali la pili.

Wanahistoria wa maktaba huanzia Mombasa mwaka 1903, ilipofunguliwa maktaba ya Seif bin Salim, ya kwanza ya umma katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wengi huipa sentensi moja, kisha wanapanda garimoshi kwenda Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na pesa na kioja.

Kioja chenyewe ni William Northrup McMillan, Mmarekani mzaliwa wa St. Louis, Missouri, tajiri na mtu wa mwili mkubwa mno, aliyekuja Afrika Mashariki kuwinda akaishia kumiliki maelfu ya ekari Juja na kuuzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, ule ambao majirani zake huuita Kilimambogo. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, alikaribishwa Juja. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza McMillan aliitumikia Uingereza, akapewa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1925, na aliagiza azikwe juu ya mlima wake. Masimulizi ya huko yanasema trekta lililovuta jeneza lilishindwa na mteremko, wakamzika njiani kabla ya kufika kileleni. Kaburi liko hapo hadi leo, ndani ya mbuga ya taifa.

Mjane wake, Lady Lucie McMillan, aliamua kumkumbuka mumewe kwa maktaba. Jengo lilifunguliwa na Gavana Joseph Byrne tarehe 5 Juni 1931, kando ya Msikiti wa Jamia, likiwa na ngazi za mawe, nguzo ndefu kama za mahekalu ya Wagiriki na simba wawili wanaolinda mlango. Waliofaidika na ulinzi huo walijulikana: maktaba ilikuwa ya Wazungu. Muasia aliyekuwa na duka hatua chache kutoka hapo hakuruhusiwa, wala Mwafrika aliyelifagia jengo hakuruhusiwa kukaa mezani. Mwaka 1938 jengo likatungiwa sheria yake lenyewe, na husemwa ndilo jengo pekee nchini lenye sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo ubaguzi huo haukuwa tabia tu ya mlinzi mlangoni, ulikaa chini ya kivuli cha mamlaka ya koloni.

Sehemu inayotuhusu sisi wa Nakuru, Gilgil na Naivasha, ambayo waandishi wa Nairobi hupita juu yake haraka, ni hii. Kabla jengo halijasimama, mwaka 1928, shirika la Carnegie la Marekani lilituma wataalamu wawili wa maktaba kuzunguka Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya: Milton Ferguson, mkuu wa maktaba ya jimbo la California, na Septimus Pitt wa Glasgow. Taarifa ya Ferguson ilitoka mwaka uliofuata. Pesa za Carnegie zikafuata nyuma ya wageni hao, na kutoka McMillan ukaanzishwa mtindo wa maktaba ya kuzunguka. Mlowezi aliyekuwa shambani bara alitumiwa vitabu kwa masanduku, akasoma, akarudisha, akatumiwa vingine.

Fikiria reli ilipita wapi. Garimoshi lilitoka Nairobi, likateremka bondeni, likapita Naivasha, Gilgil, Nakuru, na kote huko kulikuwa na mashamba ya walowezi katika ardhi ambayo Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa 1904. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 mlowezi wa kando ya Ziwa Naivasha aliweza kuazima riwaya kutoka Nairobi bila kuondoka barazani kwake. Kibarua wake, aliyeishi kama skwota kwenye shamba hilohilo, alikuwa na karatasi moja tu iliyomhusu serikalini, nayo ni kipande, alichotakiwa kukibeba kila aendako, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Usafiri wa vitabu kwenda bara, kumbe, uliwezekana tangu zamani. Uliwezekana kwa sababu mtu alikubali kuulipia, na kwa sababu waliokusudiwa walikuwa wachache.

Haki ya Carnegie nayo isemwe. Shirika hilohilo lilisaidia kuanzisha Shule ya Jeanes, Kabete, mwaka 1925, iliyofundisha walimu Waafrika wa kuzunguka shule za vijijini. Leo pale pana Chuo cha Serikali cha Kenya. Mkono mmoja ulikuwa ukigawa mafunzo kwa Mwafrika na vitabu kwa Mzungu, na hakuna aliyeona ajabu.

Lady McMillan alifariki mwaka 1957. Mwaka 1958 Baraza la Jiji la Nairobi likachukua maktaba, na mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, milango ikafunguliwa kwa watu wote. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita tangu Gavana Byrne akate utepe. Wako watu, nami ni mmoja wao, wanaoona kwamba jengo hilo halijawahi kulipa kikamilifu deni la miaka hiyo. Matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara yalidorora kwa miongo kadhaa, na kikundi cha Book Bunk, kilichoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ndicho kilichoshirikiana na jiji kuyafufua.

Mwafrika alipata maktaba kwa mlango mwingine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilianzishwa idara iliyoitwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu wengi huikumbuka kwa vitabu ilivyochapa. Lakini ilikuwa pia na maktaba za masanduku, zilizopelekwa kwenye shule na kumbi za jamii, pamoja na huduma ya kuazima kwa posta. Mwalimu wa Njoro aliandika barua, akapata kitabu, akakirudisha kwa posta. Ni teknolojia ileile ya mlowezi, ila safari hii sanduku lilipelekwa kwenye mlango wa nyuma.

Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa akisimamia maktaba za idara hiyo, alitoa taarifa ndefu akipendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba kwa sheria ya bunge. Ndiyo iliyozaa bodi za Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Hapa kwetu kazi ilianza rasmi mwaka 1967. Francis Otieno Pala aliongoza shirika lililokuja kujulikana kwa herufi zake nne, KNLS, na matawi yakaenea mikoani: Kisumu, Kakamega, Embu, Nyeri, Mombasa, Nakuru. Baadaye yakaongezeka ya miji midogo, yakiwemo ya Naivasha na Gilgil. Mengine yalijengwa kwa mtindo wa harambee: wenyeji wanatoa kiwanja na jengo, shirika linaleta wakutubi na vitabu. Wakati mwingine nguvu ya wenyeji iliishia kwenye bamba la jiwe la msingi.

Ngamia pia wamepata sifa zao. Mwaka 1996 KNLS ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa migongoni mwa ngamia, na picha zake zikazunguka dunia. Ni wazo zuri, lakini nadhani lilitupumbaza. Nchi iliyoweza kumpa ngamia kazi ya mkutubi jangwani ilishindwa kumpeleka mkutubi mmoja kwenye wadi zilizo kando ya lami.

Anayetaka kujua maktaba imekuwa nini siku hizi aingie tawi lolote siku ya Jumamosi, miezi ya Septemba na Oktoba, mitihani ya kidato cha nne ikikaribia. Viti vimejaa saa mbili asubuhi. Angalia juu ya meza: daftari za mwanafunzi mwenyewe, karatasi za mitihani ya nyuma, kalamu, chupa ya maji. Vitabu vya maktaba vimebaki rafuni. Wengi hawakuja kuazima, wamekuja kwa sababu nyumbani hakuna meza wala utulivu, na taa ni ya kugombania. Mzee mmoja au wawili wamekaa dirishani na gazeti la siku. Chukua kitabu chochote, ufungue jalada la nyuma, utazame ile karatasi ya mihuri ya tarehe. Kuna vitabu ambavyo muhuri wa mwisho ni wa karne iliyopita. Wakosoaji husema hiyo si maktaba, ni ukumbi wa kudurusu. Mimi naona ni maktaba iliyonyimwa vitabu vipya, ikapewa na wasomaji kazi nyingine ya maana.

Miaka ya karibuni imekuwa ya kusukumana. Katiba ilihamishia maktaba kwenye kaunti, huku wakutubi wakibaki kwenye vitabu vya mishahara vya shirika la taifa, na ikawa kila upande unamwonyesha mwenzake kidole inapofika bili: nani alipe mishahara, nani amiliki jengo, nani anunue vitabu. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inataja maktaba miongoni mwa huduma ambazo mji unatarajiwa kutoa. Barabara za jiji letu zimezungumziwa sana tangu siku hiyo, pamoja na taka na vibanda vya wachuuzi. Maktaba imengoja zamu yake.

Ukitaka kuona mwisho wa foleni hiyo ya kungoja, nenda Olkaria. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kuzalisha umeme pale mwaka 1981, megawati 15, na tangu hapo mabomba yameenea juu ya vilima hadi ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Olkaria IV pekee ina megawati 140. Ili mtambo huo ujengwe, jamii za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kwenda makazi mapya ya RAPland. Orodha ya ahadi ilikuwa na nyumba, shule, zahanati, makanisa na barabara. Malalamiko yaliyofuata yalifika hadi kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wafadhili wa mradi, na upatanisho ulihusu zaidi ubora wa barabara, nyumba na hati ya ardhi. Vitabu havikuwa hoja, na sishangai. Aliyehamishwa kwanza hudai paa.

Lakini sasa kuna chanzo cha pesa ambacho wakati ule hakikuwepo. Sheria ya Kawi ya 2019 inatoza mrabaha kwa mvuke wa jotoardhi, na inagawa mapato hayo hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya eneo husika. Hiyo 20 inaangukia Kaunti ya Nakuru, ambayo ndiyo Katiba imeipa kazi ya maktaba. Hiyo 5 ni ya wenyeji wenyewe.

Mwanafunzi wa Olkaria anayetaka maktaba ya umma huifuata Naivasha mjini, kwa Barabara ya Moi South Lake, akipita mashamba ya maua yaliyo kwenye ardhi ileile iliyopelekewa masanduku ya Carnegie. Nauli ya kwenda na kurudi inamtosha kununua daftari kadhaa. Chumba kimoja cha kusomea kando ya shule, rafu chache, intaneti, na mkutubi mwenye mshahara unaofika kila mwezi, si mradi wa kuomba mfadhili Ulaya. Unalipika kwa mvuke unaotoka chini ya miguu ya watu hao. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti hukaa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla makadirio hayajapitishwa. Kila mwaka wenye baa hufika na malalamiko yao kuhusu ada. Wazazi wa Olkaria nao wana kitu cha kwenda kudai.